Adui Aliyekataa Kufa

Wiki niliyokabidhi ofisi, Tumaini, kijana aliyepewa meza yangu, alinionyesha faili la watoto watatu waliompiga mwenzao mpaka akazimia. Kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika neno moja: gemu. Nikamuuliza gemu gani. Akasema zile za vita, za kwenye vibanda vya Mwanjelwa, kila mtu anazijua. Nikamuuliza kama amewahi kuicheza hata moja. Akacheka, akasema, "Mama, mimi mtu mzima." Basi nikamwambia nitamwandikia kitu, yeye na wenzake, maana siku ya kuniaga hotuba zilikuwa ndefu kwa wakubwa na yangu ikabidi niikatishe ili soda zisizidi kupata moto. Anayetaka kujua nilipanda vyeo gani akaulize masjala. Humu hamna.

Nilianza kazi ya ustawi wa jamii Iringa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa kabisa mji ule wa miteremko. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mtoto akifanya kosa na kufikishwa mahakamani, hakimu kabla ya kuamua humwagiza afisa ustawi aende akamchunguze, kwao na shuleni kwake, kisha aandike ripoti. Mashahidi humweleza hakimu mtoto amefanya nini. Ripoti humweleza mtoto ni nani. Mara nyingi kilichopendekezwa na ripoti ndicho kilichofanyika, na hilo sikulijua siku ya kwanza. Ningelijua ningerudi nyumbani.

Siku hiyo ya kwanza nilimkuta Mzee Kihwele, aliyekuwa afisa pale tangu kabla ya Uhuru, amepiga magoti nje ya ofisi akiziba pancha.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Ndiye wewe tuliyeletewa? Unajua baiskeli?"

"Najua, baba."

"Kwa sketi hiyo?"

Kesho yake nilikuja na gauni pana, na somo la kwanza likawa limekwisha. La pili lilikuwa kigoda. Mzee Kihwele alifunga kigoda kidogo cha miguu mitatu nyuma ya baiskeli yake, akaenda nacho kila nyumba. Alisema ukimhoji mtoto umesimama, atakujibu kama anavyomjibu askari, na ukikaa kwenye kiti cha baba yake atakujibu kama anavyomjibu baba yake. Kwa hiyo alikaa chini, magoti yakimgusa kidevu, mtu mzima na mvi zake, akaongea na watoto uso kwa uso. Nilicheka kimoyomoyo mwezi mzima. Mwezi wa pili nikaenda kwa fundi seremala kuchongesha changu.

Somo la tatu ndilo nililokuja kulivunja. "Mwanangu," aliniambia, "usiandike neno lolote kwenye ile fomu kabla hujanywa maji kwao." Hakuwa anazungumzia kiu. Alitaka uende mpaka nyumbani kwa mtoto hata kama ni mlima gani, ukae hadi upewe maji, uyanywe, uone kikombe kinatoka wapi, nani anatumwa kukileta na nani anakemewa njiani. Kisha ndipo ufungue kalamu. Aliwahi kunirudisha Ilula kwa ajili hiyo, jua kali, kwa sababu nilikuwa nimeongea na wazazi barabarani tu. Nilimnunia wiki nzima. Yeye hata hakugundua, au alijifanya.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Mbeya. Watu wa Iyunga na Mwanjelwa wakanipa jina la Mama Ustawi, nami wakati huo sikuwa na mtoto wala mchumba wa kueleweka. Ofisi ilikuwa na Landrover moja iliyoshinda gereji, meza mbili, na mafaili yaliyokuwa yakiongezeka kila mwezi, kwa sababu nilifika katikati ya wazimu wa kareti.

Waliokuwepo wanakumbuka. Ukumbi wa sinema wa mjini ulikuwa umeanza kuonyesha picha za kareti, na vijana walichanganyikiwa. Mitaani hukupita bila kuona mtu ameinua mguu. Walikata mipini ya mafagio, wakaunga kwa mnyororo wa baiskeli, wakajizungushia mpaka wakajipiga wenyewe visogoni. Wachina waliokuwa wakijenga reli walipata taabu, maana kila mtoto aliamini kila Mchina ni bingwa, akawarukia mbele kwa mikono iliyokunjwa ili waonyeshe ujuzi wao. Nilimwona mmoja wao, fundi mwenye umri wa baba yangu, kofia ya majani kichwani, amezungukwa na watoto pale Iyunga. Akawatazama kwa uchovu, akawapa mkono mmoja mmoja, akaendelea na safari yake.

Lakini watoto wengi hawakuwa na kiingilio, na hapo ndipo palipozaliwa kazi ya msimuliaji. Kwenye kila mtaa kulikuwa na mmoja aliyeweza kuingia ukumbini. Jumatatu, baada ya shule, wenzake walimkalia duara, wakamletea kipande cha muwa au karanga, naye akawasimulia picha yote, ngumi kwa ngumi, na milio ya mdomo. Kisha wakaicheza. Kila picha ilikuwa na stelingi, yaani shujaa, na ilikuwa na adui. Stelingi hafi. Adui lazima afe, na afe vizuri, kwa kuchelewa, huku akiomba.

Wakubwa walikutana kuhusu jambo hili mara nyingi. Walimu wakuu, wachungaji, mabalozi wa nyumba kumi, wote walikubaliana kwamba chanzo cha vurugu ni sinema, na hata mwenye ukumbi alikubali, mradi wasimfungie. Sisi wa ofisini tulipumua. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja mfupi ulioandikwa Sababu ya Kosa, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na jibu lililotosha kila mtoto. Kijana kamvunja mwenzake jino: sinema. Kijana kavunja dirisha la duka: sinema. Mmoja aliiba kuku, na bado mwenzangu akaandika sinema. Nilimtania, lakini sikuifuta.

Ndipo ikaja kesi ya Masanja.

Masanja alikuwa na miaka kumi na minne. Wazazi wake walikuwa wafugaji Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakaweka boma Usangu, mbele kidogo ya Ubaruku. Baba alitaka mtoto asome, na huko boma lilikokuwa shule ilikuwa mbali, hivyo akampeleka Iyunga kwa mjomba wake aliyekuwa kibarua wa reli. Alikaa pale mwaka mmoja na nusu. Siku moja mchana, kwenye mashimo ya matofali nyuma ya shule, alimpiga mwenzake usoni kwa fimbo. Mwenzake huyo aliitwa Ambakisye, mtoto wa Mama Sekela aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, na ndiye aliyekuwa msimuliaji wa mtaa. Jicho lake la kushoto lilipotea palepale.

Nilikwenda hospitali kwanza. Mama Sekela alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, kanga imemtoka kichwani na hana habari. Nilimpa pole. Aliniambia, akimtaja Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala ananiona. Mtoto wa watu asiyejua hata kusalimia, nimempa ndizi zangu mara ngapi?" Niliwahoji watoto waliokuwapo mashimoni. Wote walisema neno moja, na mmoja alilisema huku anashangaa mpaka sasa: "Mama, adui alikataa kufa." Nililiandika kwenye daftari kama ushahidi kwamba walikuwa wakiigiza picha. Zaidi ya hapo sikulitafakari.

Kisha nikaenda mahabusu kumwona Masanja. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikajiona mwanafunzi mwema wa Mzee Kihwele. Alikuwa mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kizito.

"Masanja, unapenda picha?"

"Ndiyo, mama."

"Picha gani unaijua?"

Akanisimulia. Alianza pole, halafu akasahau kwamba yuko mahabusu. Alinionyesha adui anavyopigwa teke la tumbo, anavyoanguka, anavyotambaa, anavyoshikwa shingo. Alinitajia maneno adui anayoomba nayo. Alijua picha tano, zote mpaka mwisho. Nikafunga daftari. Nani angehitaji zaidi? Mtoto aliyejazwa vita kichwani, na hivi ndivyo vimemtoka.

Ilikuwa masika. Usangu ilikuwa maji matupu, Landrover ilikuwa gereji, na kesi ilikuwa imepangwa wiki ileile. Niliandika ripoti bila kwenda kwao. Kwenye mstari wa Sababu ya Kosa nikaandika sinema za kareti, na chini nikapendekeza mtoto apelekwe shule ya maadilisho, mbali na mji na kumbi zake. Niliona ni mapendekezo ya huruma. Hakimu, mtu mtulivu aliyesoma kila karatasi, aliisoma ripoti yangu mara mbili, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Akampa miaka mitatu. Masanja alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye, nadhani kwa sababu nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Miezi miwili baadaye barabara ya Usangu ilipitika, nami nikapata lifti ya lori la mpunga hadi Ubaruku, kisha nikatembea. Sikwenda kuchunguza. Nilikwenda kumpa baba yake barua ya mahakama tu, kwa kuwa hakuweza kuhudhuria. Mzee Jilala alinipokea kwa heshima zote, akaagiza niletewe maziwa. Nilipomweleza kuhusu sinema akaniuliza.

"Sinema ile ya ndani ya nyumba? Ya kuingia kwa tikiti?"

"Ndiyo, baba."

"Mtoto yangu hajaingia hiyo nyumba hata siku moja. Mjomba wake ni mlokole, angemvunja miguu. Likizo alikuja hapa, nikamuuliza kama ameiona. Akasema hajaiona, anasikia tu wenzake wanasema."

Kikombe nilikuwa bado nimekishika. Mzee akaendelea, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka kwenye nyasi.

"Alikuja na alama ya kamba hapa, shingoni. Nikauliza nini hii. Akasema, 'Baba, kule nauawa kila siku baada ya shule.' Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni michezo, wewe mwanamume, vumilia."

Alipomaliza, mke wake akaondoka kwenda zizini. Nililia pale, mbele ya watu niliowaletea barua. Nililia kwa aibu zaidi kuliko huruma, na sioni sababu ya kulificha leo. Njiani kurudi nilizirudia kichwani zile picha tano alizonisimulia mahabusu. Zote alizijua kutoka upande mmoja. Alijua adui anavyoanguka, anavyoomba, anavyokufa. Stelingi hakuwa amesema neno hata moja katika masimulizi yake, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kwenye kigoda nikiandika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Sekela. Ambakisye alikuwa ametoka hospitali, kitambaa kwenye jicho, anamsaidia mama yake kupanga ndizi. Nilimwomba mama ruhusa nimuulize mtoto maswali mbele yake. Akakubali, kwa shingo upande.

"Ambakisye, nani alikuwa anachagua stelingi?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naziona."

"Na adui?"

"Masanja."

"Siku zote?"

"Siku zote. Yeye si wa hapa, mama. Halafu alikuwa hachoki. Wengine walikuwa wanakataa, wanasema wanaumia."

"Kwa mwaka mmoja na nusu?"

Akahesabu kwa kichwa, akaona aibu. Kisha akasema kitu ambacho sikumuuliza.

"Siku ile aliomba."

"Aliomba nini?"

"Aliomba zamu. Alisema leo na yeye awe stelingi, mara moja tu. Tukacheka. Nikamwambia stelingi wa kuchunga ng'ombe nani kamwona. Nikamwambia lala, ufe. Akakataa kufa."

Mama Sekela alikuwa ameshika chane la ndizi. Alilirudisha chini polepole. "Gwe Ambakisye," alisema, "mbona hukuniambia?" Mtoto akasema hakuna aliyemuuliza, wote walimuuliza habari za sinema tu. Mama akanigeukia. "Na wewe sasa unataka kumtoa."

"Nataka kumweleza hakimu kweli, mama. Ataamua yeye."

"Mweleze. Mwambie yote, na hayo ya mwanangu. Lakini jicho hili la mwanangu litarudi lini?"

Nikamwambia halitarudi. Akaitikia kwa kichwa, akainama kuzipanga ndizi zake upya. Tangu siku hiyo sikuwahi kupita sokoni bila kumsalimia, na kuna siku aliitika na kuna siku hakuitika.

Mkuu wangu wa kazi hakufurahi. "Bi. Msigala, unataka kuiambia mahakama kwamba ripoti ya ofisi hii ilikuwa ya uongo?" Nikamwambia haikuwa ya ofisi, ilikuwa yangu, na haikuwa ya uongo, ilikuwa ya uvivu. Akaniambia hilo ni baya zaidi, na alikuwa sahihi. Niliandika kurasa sita kwa mkono. Nilieleza kwamba mtoto hajawahi kuona sinema, kwamba sikuwa nimefika kwao, kwamba nilimuuliza picha gani anaijua badala ya kumuuliza katika mchezo ule yeye alikuwa nani. Sikuandika kwamba sinema haina lolote. Hata leo sisemi hivyo. Ile kamba shingoni wasingeifikiria wenyewe, waliitoa kwenye picha. Lakini nani afungwe kamba, na afungwe mpaka lini, hilo walilitoa kwetu sisi wakubwa, tuliokuwa tukisema mbele yao kila siku nani wa hapa na nani wa kuja.

Barua ilizunguka ofisi nne. Mapitio yalichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo nililala vibaya. Hakimu aliniita, akaniuliza mbele ya watu kwa nini aiamini ripoti ya pili ya mtu aliyekosea ya kwanza. Nikamjibu, "Mheshimiwa, ya pili nimeiandika baada ya kwenda." Akanitazama juu ya miwani. Aliwaita Ambakisye na baba yake Masanja, akawasikiliza wote wawili, kisha akaamuru Masanja arudishwe kwa wazazi, chini ya uangalizi wangu kwa muda uliobaki. Karipio liliingia kwenye faili langu, nami nililistahili.

Nilikwenda shule ya maadilisho kumchukua mwenyewe. Nilifika Jumamosi mchana, na kijana wa getini akaniambia nisubiri, watoto wako bwaloni, Jumamosi hii kuna sinema kwa wenye nidhamu nzuri. Nilidhani ananidhihaki. Nilisukuma mlango. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, shuka limetundikwa ukutani, mashine inanguruma, na juu ya shuka watu wawili wanapigana kareti. Masanja alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amerefuka. Nilikaa karibu naye, akanisogezea nafasi bila kuondoa macho ukutani, na sikuthubutu kusema kitu mpaka picha ikaisha na mablanketi yakaanza kushushwa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwenye basi tangu asubuhi. Nilimwambia kwamba anarudi kwao, baba yake anamngoja. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika kwamba kosa ni la sinema, kwamba niliandika bila kwenda kwao wala kumuuliza yeye, na kwamba namwomba anisamehe. Sauti yangu ilikatika katikati. Alinisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile shuka, ambalo vijana wawili walikuwa wanalikunja.

"Mama," alisema, "kumbe stelingi naye anapigwa."

"Anapigwa, mwanangu. Anapigwa sana."

Akawatazama wale vijana mpaka shuka likaisha kukunjwa.

"Mbona Ambakisye hakutuambia?"